Kwa nini boti za Venice zinaambiwa ziende mwendo wa mtu anayetembea?

Chukua beseni la maji. Pitisha kiganja chako humo polepole: maji yanajifunga nyuma ya mkono, kimya kabisa. Rudia kwa haraka kidogo. Sasa maji yanajikusanya mbele ya kiganja, yanagonga ukingo, yanarudi, yanagonga upande wa pili, na mengine yanaishia sakafuni.

Haya, fanya ukingo wa beseni uwe ukuta wa nyumba ya mtu, na kiganja chako kiwe boti. Hapo umeshaelewa nusu ya ugomvi ambao mji wa Venice, Italia, umekuwa nao kwa miaka mingi.

Venice haina barabara za magari katika mji wake wa kale. Mgonjwa anapelekwa hospitali kwa boti, taka zinazolewa kwa boti, saruji na soda zinafika dukani kwa boti. Injini zilipochukua nafasi ya makasia, mji ukapata tatizo jipya ambalo wenyeji wanaliita moto ondoso. Usidanganyike na neno moto, halina uhusiano na jiko lako. Kwa Kiitaliano lina maana ya mwendo, yaani mwendo wa mawimbi.

Serikali ya mji ikaweka viwango: kilomita 5 kwa saa katika mifereji midogo ya ndani, na 7 katika Canal Grande, mfereji mkuu. Kilomita 5 kwa saa ni mwendo wako wa kawaida ukienda sokoni. Utasema huo ni uonevu, si ndiyo? Tufanye hesabu kidogo.

Kila boti inayokwenda inazaa mawimbi yanayoifuata kwa kasi ileile. Umbali kutoka mgongo wa wimbi moja hadi mwingine unategemea kasi hiyo, na kasi ikizidishwa mara mbili, umbali unaongezeka mara nne. Chukua boti ya mita 6. Ikienda kilomita 5 kwa saa, wimbi lake lina urefu wa kama mita 1.2, kwa hiyo mawimbi matano madogo yanajipanga ubavuni mwake. Ikifika kilomita 11, wimbi moja lina urefu wa mita 6, sawasawa na boti yenyewe. Sasa chombo kimekaa kwenye bonde la wimbi lake, pua juu, nyuma imezama, kinajaribu kupanda mlima kilioutengeneza chenyewe. Injini inanguruma, mafuta yanaungua, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo inakwenda kwenye mawimbi. Na wimbi likiongezeka kimo mara mbili, nishati yake inaongezeka mara nne.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Boti ndogo yenye kasi kubwa sana huinuka na kuteleza juu ya maji, na wimbi lake laweza kuwa dogo kuliko la boti ileile ikienda mwendo wa kati. Kwa hiyo dereva anayepunguza kutoka kilomita 25 hadi 13 anaweza kuamini amefanya adabu, kumbe ameingia kwenye kasi mbaya kuliko zote. Kupunguza nusu nusu hakusaidii. Inabidi ushuke mpaka chini, na ndiyo maana sheria inataka namba ndogo namna ile.

Baharini wimbi linasambaa na kudhoofika. Kwenye mfereji wenye kuta za wima halina pa kwenda. Likigonga ukuta linarudi nyuma na kukutana na lenzake, na pale ukutani kimo chake kinaweza kufika maradufu. Zaidi ya hapo, mfereji mwembamba unabanwa na mwili wa boti: maji ya pembeni yanashuka kwanza, kisha yanapanda. Ukuta unanyonywa na kusukumwa, mamia ya mara kwa siku.

Wajenzi wa zamani waliweka chini ya nyumba mawe ya Istria, ambayo hayanywi maji kirahisi, na juu yake matofali. Mawimbi yanachokonoa chokaa kati ya mawe, na kuyarusha maji ya chumvi juu, kwenye matofali yanayonyonya. Chumvi ikikauka ndani ya tofali inajenga fuwele, na fuwele zinalipasua. Bili ya fundi anapelekewa mwenye nyumba. Dereva alishapita zamani.

Wapiga makasia nao wanayumbishwa. Tangu 1975 wamekuwa wakifanya Vogalonga, msafara wa vyombo visivyo na injini wa takriban kilomita 30, kuyapinga mawimbi hayo.

Mji umefunga kamera kando ya Canal Grande, na polisi hutoa faini. Mwaka 2022 watu wawili waliopita humo kwa mbao za umeme waliwaka kwenye habari dunia nzima, na mbao zao zikakamatwa. Lakini kamera inapima kasi, haipimi wimbi. Boti nzito ya mizigo na boti nyembamba ya makasia zikienda kilomita 7, hazileti wimbi moja. Na msafirishaji analipwa kwa mizigo aliyofikisha, si kwa kuta alizozihurumia. Ndiyo maana sheria peke yake haitoshi: umbo la boti lina kazi yake, na ratiba ya mizigo pia.

Siku ukipanda boti, popote pale, geuka utazame nyuma. Maji yakijifunga kimya, nahodha wako ana adabu. Ukiona mlima unakufuata, jua kuna ukuta au mtumbwi wa mtu unausubiri.