Mdalasini wa Uluguru na Pua za Morogoro

Ukitaja karafuu, watu wengi fikra zao huvuka bahari hadi Pemba. Wachache hukumbuka Kinole, Mkuyuni na Matombo, kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, ambako karafuu, mdalasini, iliki na pilipili manga humea kwenye mashamba yaleyale yenye migomba. Viungo hivyo vinatosha kufundishia somo zima la ladha, na maabara yenyewe ni kinywa.

Chukua kipande kidogo cha gome la mdalasini, bana pua, kisha tafuna taratibu. Utahisi ugumu wa gome, utamu hafifu na muwasho kidogo. Mdalasini wenyewe haupo. Achia pua, nao unaingia wote kwa mkupuo. Harufu ilikuwa imekwama nyuma ya koo ikisubiri hewa ya kuipandisha puani. Ulimi hutambua mambo machache tu: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ule unono wa supu ya nyama ambao mkemia wa Japani, Kikunae Ikeda, aliuita umami mwaka 1908. Yaliyobaki karibu yote ni kazi ya pua, yenye aina zipatazo 400 za vipokezi vya harufu. Linda Buck na Richard Axel walitangaza ugunduzi wa jeni za vipokezi hivyo mwaka 1991, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2004.

Pilipili manga ina habari nyingine. Ukali wake hauingii katika hesabu ya ladha: kemikali yake huamsha kipokezi cha neva kinachotambua joto la kuunguza, kilekile kinachoamshwa na pilipili kichaa. David Julius na wenzake walikitambua mwaka 1997, na Nobel ikafuata mwaka 2021. Kwa hiyo anayelalamika kwamba mdomo unaungua hatii chumvi. Ndivyo ubongo wake ulivyoambiwa. Karafuu nayo hutia ganzi, ndiyo maana mafuta yake yametumika tangu zamani kutuliza jino.

Tatizo ni mazoea. Anayeshinda na magunia ya viungo huacha kuvisikia baada ya dakika chache, kwa sababu vipokezi na ubongo hupunguza taarifa za harufu isiyobadilika. Hiyo ni faida, maana harufu mpya, kama ya moshi, hupata nafasi. Lakini chakula kinacholiwa huku macho yako kwenye simu nacho hupita vivyo hivyo. Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mafunzo ya utulivu wa akili kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979, aliwaanzishia wanafunzi kwa zabibu kavu moja: waitazame, wainuse, waisikilize ikibonyezwa karibu na sikio, ndipo waitafune.

Morogoro, mji ulio chini ya milima hiyo ya Uluguru, nao una kisa chake cha umakini wa pua. Bart Weetjens, Mbelgiji aliye pia mtawa wa Kibudha wa madhehebu ya Zen, alianzisha shirika la APOPO mwaka 1997, na mwaka 2000 likahamia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Humo panya buku hufundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Macho ya panya hao ni dhaifu, pua ndiyo dunia yao. Kwanza hufundishwa kwamba mlio mdogo wa “tik” maana yake chakula, kwa kawaida ndizi iliyopondwa na karanga. Kisha hupitishwa juu ya matundu yenye makohozi yaliyokwisha kuchemshwa ili kuua vimelea. Panya akikita pua kwenye tundu kwa sekunde tatu hivi, amesema hapa pana kifua kikuu.

Kwa dakika 20 panya mmoja anaweza kupitia sampuli 100. Hata hivyo hakuna mgonjwa anayeanzishiwa dawa kwa neno la panya peke yake: kila sampuli aliyoishuku, ambayo kliniki ilikuwa imeona haina ugonjwa, hurudishwa maabara kuthibitishwa.