Kabla ya kupanda mpunga, tukutane kwanza



Mwezi wa tisa mvua inarudi hapa Nyangwe, na kila mtu anajiuliza: nipande leo ao ningoje? Ukipanda kwa mvua ya kwanza tu, kisha jua likawaka siku kumi, mbegu inafia ndani ya udongo. Mbegu ile ingeweza kuwa chakula cha watoto.

Kuna watu waliojibu swali hili kwa sikukuu. Kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila mwezi wa saba wanafanya Mwaka Kogwa. Wanaume wanapigana kwa mabua ya migomba ili ugomvi wa mwaka uishe, wamama wanaimba, kibanda cha makuti kinachomwa moto. Nyuma ya mchezo huo kuna kalenda. Wazee wa pwani walihesabu siku kwa makumi kuanzia siku ya mwaka: makumi 36 na siku 5 za kuongeza, jumla 365. Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi, uko na siku 354 ao 355. Ndiyo maana Ramadani inasogea siku kama 11 kila mwaka, na mkulima hawezi kupandia hesabu hiyo. Watu hao wa pwani tunawajua: mpunga na Kiswahili viliingia Maniema pamoja na wafanyabiashara wao katika karne ya 19, kwa njia ileile iliyopitisha watumwa.

Japani pia ni nchi ya mpunga. Wakulima wa zamani waliangalia maua ya mti wa sakura, yanayochanua baridi ikiisha, kama alama kwamba kazi ya mpunga imekaribia. Kule Mibu, jimbo la Hiroshima, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita ng'ombe waliopambwa wanalima shamba la maji, ngoma zinapigwa, na wamama wanapanda miche kwa mstari huku wakiimba. UNESCO iliiandika sherehe hiyo katika urithi wa utamaduni mwaka 2011.

Sikukuu hizi zinakutanisha watu mbele ya kazi, na wanaanza pamoja. Kwa mpunga hiyo ni faida: mashamba yakiiva pamoja, ndege wanagawanyika; shamba linaloiva peke yake wanalimaliza.

Basi tunashauri kila koperative ichague siku moja mwishoni mwa mwezi wa nane:

- Juma moja mbele ya siku hiyo, kila mtu ahesabu mbegu 100, azifunge ndani ya kitambaa chenye maji, kisikauke. Siku ya mkutano akilete. Zikiota 80 ao zaidi, mbegu ni nzuri. Kati ya 60 na 80, ongeza mbegu shambani. Chini ya 60, tafuta mbegu ingine mapema.
- Ugomvi wa mipaka umalizwe siku hiyo, na zamu za kufukuza ndege zipangwe.
- Mvua ikinyesha, chimba kwanza. Unyevu ukifika sentimita 15, wote wapande ndani ya juma moja.

Ngoma na chakula, mtaongeza wenyewe. Komite itakayochagua siku yake ituambie mapema, tuje tuhesabu mbegu pamoja.