Maji ya Uvuguvugu na Maumivu ya Viungo: Fahamu Haya

Bwawa la KenGen la Olkaria, Naivasha, linalotumia maji ya visima vya mvuke, huwavutia wengi wenye maumivu sugu ya mgongo na magoti. Je, linasaidia? Ndiyo, ukifanya mazoezi humo. Maji hubeba uzito wa mwili na joto hulegeza misuli, hivyo kiungo husogea kwa urahisi.

Nyumbani, beseni la maji ya uvuguvugu latosha kwa mkono au mguu. Pima joto kwa kiwiko. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni anaweza kuungua bila kujua. Wajawazito, wenye vidonda au ugonjwa wa moyo wamwone daktari kwanza.

Usiache kliniki ya fiziotherapia.