Fahamu: Moyo unapokaa upande wa kulia

Mtu mzima mwenye afya njema anapigwa eksirei ya kifua, na mtaalamu anadhani picha imegeuzwa. Haijageuzwa: moyo umeelekea kulia. Hali hiyo, dekstrokadia, huanza wiki za mwanzo za mimba.

Viungo vyote vikibadilishana pande, ini likawa kushoto na bandama kulia, huitwa sitasi invesasi. Humpata takriban mtu 1 kati ya 10,000. Mara nyingi moyo wa namna hiyo hudunda kama kawaida, wala hauhitaji tiba.

Tatizo ni kupotosha uchunguzi. Maumivu ya kidole tumbo huweza kutokea kushoto, na nyaya za kipimo cha umeme wa moyo hubidi zihamishiwe kulia. Ukijua una hali hii, mwambie daktari mapema.