Chungu Wavunaji: Kwa Nini Wanatakiwa Ng'ambo, na Mkulima Afanye Nini



Mama mmoja wa skimu yetu alikuja ofisini akiwa na kopo la maziwa lililotobolewa kifuniko. Alilifungua mezani, na ndani yake mlikuwa na chungu watatu wakubwa, wekundu wenye weusi, kila mmoja mrefu kupita sentimeta 2. Alisema mwanawe ameacha kwenda shule siku mbili, kwa sababu mtu mgeni mwenye pikipiki amewaahidi watoto shilingi kwa kila chungu wa namna ile. Kisha aliuliza, "Karani, mdudu huyu ana kazi gani hata alipwe? Na fedha hizo ni halali?"

Maswali hayo mawili ni ya maana, wala si ya mama huyo peke yake. Kwa hiyo yafaa tuyajibu hapa.

CHUNGU HUYU NI NANI

Kwanza tusimchanganye na wengine. Chungu si mchwa. Mchwa ni yule mweupe anayekula miti na kujenga kichuguu, na kumbikumbi ni mchwa wenye mabawa. Wala chungu huyu si siafu, aendaye kwa safu akiwinda wadudu wengine. Huyu ni chungu mvunaji, na wataalamu humwita Messor cephalotes. Chakula chake hasa ni mbegu za nyasi. Huziokota, huzibeba mpaka shimoni, huzimenya, huziweka katika ghala chini ya ardhi, halafu huzitafuna mpaka ziwe kama mkate.

Kila shimo ni mji, na mji una mama mmoja tu, ambaye ni malkia. Wale mnaowaona wakibeba mbegu ni watumishi. Wote ni wa kike, lakini hawawezi kuanzisha mji mpya. Wakati wa mvua mji hutoa madume na malkia wachanga wenye mabawa. Hao huruka na kupandana. Dume hufa baada ya muda mfupi. Malkia hupandwa wakati huo tu, naye huitunza mbegu ya dume mwilini mwake kwa maisha yake yote, ambayo yaweza kuwa miaka mingi.

Akishapandwa hushuka chini, huangusha mabawa, huchimba shimo dogo na kujifungia ndani. Hali kitu. Nguvu zake hutoka katika mafuta ya mwili wake na katika nyama iliyokuwa ikiendesha mabawa. Hutaga mayai, huwalisha watoto wa kwanza peke yake, na baada ya majuma kadhaa watumishi wa kwanza hufungua mlango na kwenda kutafuta mbegu. Hivyo ndivyo mji wa maelfu unavyoanza. Kwa hiyo aliyebeba malkia mmoja katika kopo amebeba mji mzima.

KWA NINI WANATAKIWA

Huko Ulaya na Asia wako watu wanaofuga chungu nyumbani ili kuwatazama tu, kama vile wengine wanavyofuga samaki katika sanduku la kioo. Chungu wetu huyu hupendwa kwa sababu ya ukubwa wake, rangi yake, na kazi yake ya kukusanya mbegu. Mwaka 2025 magazeti yalitaja kwamba huko Uingereza malkia mmoja aweza kuuzwa hata kwa paundi 170, yaani zaidi ya shilingi 25,000 za Kenya. Mtoto aliyemwokota hupewa shilingi chache. Kila mkulima aweza kujua mwenyewe faida imekwenda kwa nani.

JINSI WANAVYOCHAGULIWA NA KUTUNZWA

Yafaa mjue jinsi kazi hiyo inavyofanywa, ili mkiona vyombo vyake mvitambue.

Mfugaji hachagui mtumishi, kwa sababu watumishi wasio na malkia hufa mmoja mmoja na mji hukoma. Humtaka malkia aliyekwisha kupandwa na kuangusha mabawa. Humtia katika kichupa chembamba cha kioo au plastiki. Mwisho wa kichupa huwa na maji yaliyozuiwa kwa pamba, na mdomo wake huzibwa kwa pamba nyingine ipitishayo hewa. Kichupa huwekwa mahali penye giza na joto la kiasi. Hakitikiswi, wala hakifunuliwi kila siku, maana malkia akiogopa hula mayai yake mwenyewe.

Watumishi wakitoka, hupewa mbegu ndogo za aina mbalimbali na vipande vya wadudu. Wakiwa wengi huhamishwa katika sanduku la plasta na kioo. Sanduku hilo lazima liwe na upande mkavu wa kuwekea mbegu, na upande wenye unyevu wa kulelea watoto. Ghala likilowa, mbegu huota au huingia ukungu, na mji hupata njaa. Juu ya kuta hupakwa kitu chenye utelezi ili wasitoroke.

Mkiangalia vizuri mtaona kwamba utunzaji huo ni kuigiza tu yale ambayo udongo wa shamba huwapa bila gharama.

JAMBO AMBALO MNUNUZI HASEMI

Mfugaji wa kuku akitaka kuku zaidi huatamisha mayai. Mfugaji wa sungura hupeleka jike kwa dume. Lakini chungu hawa hupandana wakiruka hewani baada ya mvua, na ni vigumu sana kuwafanya wapandane ndani ya sanduku. Hata mtu akiwatunza vizuri namna gani, akitaka malkia mwingine atarudi kwa yule aliyemwuzia, na muuzaji atarudi tena katika mashamba yetu. Biashara hii ni kuvuna tu, haina kupanda.

Wengine husema, "Malkia wengi huliwa na ndege na mijusi hata hivyo. Kuna hasara gani mtu akiwaokota?" Ni kweli kwamba wengi huliwa. Lakini yule anayeokotwa akiwa amekwisha kupandwa na anatafuta pa kuchimba ni mmoja wa wale waliookoka, nao ndio mbegu ya miaka ijayo. Tena yuko mtu ambaye hangoji mvua, bali huchimba shimo la zamani ili ampate malkia mkubwa. Akimtoa, mji wote hufa, na shamba hubaki na shimo ambalo ng'ombe aweza kuvunjikia mguu.

FAIDA NA MAKOSA YAKE SHAMBANI

Sisemi kwamba chungu huyu hana makosa. Akikuta mbegu zimemwagwa juu ya udongo atazichukua, na kando ya shimo lake nyasi huwa chache. Dawa yake ni kufukia mbegu vizuri wakati wa kupanda, na kuweka ghala la mahindi juu ya nguzo.

Lakini faida zake ni nyingi. Mashimo yake huingiza maji na hewa katika udongo uliokanyagwa na mifugo. Makapi na takataka anazotupa nje huoza na kuwa mbolea. Mbegu anazoangusha njiani huota mahali pengine, na malisho huenea. Ndege na wanyama wengi humla. Malisho ya skimu yana kazi ngumu ya kulisha ng'ombe wengi katika eka chache. Yahitaji kila msaidizi.

KIUMBE AKIHAMISHWA

Kuna hatari nyingine, nayo huwapata wale wanaopelekewa. Mwaka 1966 mtoto mmoja alileta konokono watatu mjini Miami, Marekani, kutoka Hawaii. Walikuwa konokono wakubwa wa aina ambayo asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki. Nyanya yake aliwatupa bustanini. Miaka saba baadaye walipatikana konokono zaidi ya 18,000 wakila mimea, na kuwamaliza kulichukua miaka mingi na zaidi ya dola milioni moja. Mwaka 2011 walionekana tena upande huohuo, na kazi ikaanza upya.

Vivyo hivyo kinyonga mwenye pembe tatu wa nyanda za juu za Kenya alipelekwa Hawaii mwaka 1972 ili auzwe kama mnyama wa kufugwa. Wengine walitoroka, nao wameenea huko mpaka leo. Na wale wasiotoroka mara nyingi hufa upesi, kwa sababu kinyonga hanywi maji ya bakuli. Hulamba matone yaliyo juu ya majani, naye huhitaji jua, ubaridi wa usiku na wadudu hai. Watoto wetu wakimfungia kinyonga ndani ya kopo, wasidhani amelala. Anakufa kwa kiu.

SHERIA INASEMAJE

Sasa nalijibu swali la pili la yule mama. Sheria ya Kuhifadhi na Kusimamia Wanyamapori ya mwaka 2013 haimwangalii tembo na faru peke yao. Hata mdudu wa porini yumo. Kufanya biashara yake bila kibali ni kosa, na kumtoa nchini kwahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, pamoja na cheti cha afya.

Haya si maneno ya karatasi tu. Mwezi wa Aprili 2025 vijana wawili kutoka Ubelgiji walikamatwa katika kaunti ya Nakuru wakiwa na chungu wapatao 5,000 katika vichupa 2,244, vyenye pamba kama nilivyoeleza. Katika kesi nyingine iliyoambatana na hiyo, mtu wa Vietnam na Mkenya mmoja walipatikana na chungu wapatao 400. Tarehe 7 Mei 2025 mahakama iliyo katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwahukumu wote wanne: kila mmoja alipe shilingi milioni moja, au akae gerezani miezi 12.

Angalieni kwamba Mkenya hakupewa adhabu iliyo ndogo kuliko ya wageni. Anayekamata na kuuza hawezi kujitetea kwamba yeye alitumwa tu.

Njia ya halali ipo. Mapatano ya Nagoya ya mwaka 2010, ambayo Kenya imo, yanataka kwamba viumbe vya nchi vikitumiwa kwa utafiti na faida, nchi yenyewe na wenyeji wao washirikishwe katika faida hiyo. Anayekuja usiku na kopo hataki mkumbuke neno hilo.

MKULIMA AFANYE NINI

Kwanza, mtu akitaka kununua chungu, kinyonga, kobe au konokono wa porini, mwulize kibali cha KWS. Asipokuwa nacho, usimwuzie. Toa habari kwa chifu au kwa ofisi ya KWS iliyo karibu.

Pili, waelezeni watoto mapema, kabla ya mvua, maana mgeni huanza kwa watoto. Mtoto anayetaka kuwajua chungu na akae karibu na njia yao na kuweka chini punje chache za wimbi. Ataona jinsi wanavyozichagua na kuzibeba. Atajifunza mengi kuliko kutazama kichupa, wala hatalipa kitu.

Tatu, ukitaka mdudu wa kukuletea fedha, fuga nyuki. Nyuki naye ana malkia, lakini mji wake hujigawa wenyewe, na kundi jipya huja mzingani kwa hiari. Wewe huchukua asali, nyuki hubaki na malkia wao, na mwaka ujao utavuna tena. Ofisi ya kilimo yaweza kukuonyesha mzinga unaofaa na mahali pa kuuweka, mbali na nyumba na boma la mifugo.

Nne, ukiwakuta malkia waliokwisha kukamatwa na watoto, warudisheni palepale walipookotwa, penye udongo wenye unyevu na kivuli.

Hivyo ndivyo nilivyomwambia yule mama. Alifunika kopo, akauliza kama wataishi baada ya kukaa siku mbili ndani yake. Nilimjibu kwamba malkia aweza kukaa majuma mengi bila kula, mradi asikauke, na kwa hiyo afanye haraka. Alitia matone ya maji katika kipande cha kitambaa, akakiweka ndani, akaondoka kwa miguu kabla jua halijawa kali.