Slaidi Zako Zisivurugike Mbele ya Afisa Mikopo



Siku hizi mchanganuo wa biashara haupelekwi kwa karatasi tu. Benki, halmashauri au mnunuzi wa mazao anaweza kukwambia, "Lete slaidi, una dakika kumi." Vijana wengi wanaoniletea slaidi zao nizipitie, hesabu zao ziko vizuri. Shida inaanza faili inapofunguliwa kwenye kompyuta nyingine. Maneno yanatoka nje ya kisanduku, picha ya kitalu inafunika bei. Anayekusikiliza hajui kwamba ni programu imefanya hivyo. Yeye anaona mtu ambaye kazi yake haijakaa sawa, na huyo ndiye unayemwomba pesa.

Kwa nini inatokea?

Faili ya slaidi si picha. Ni maelekezo: weka kichwa hapa, tumia fonti hii, ukubwa huu. Ni kama ukimwambia mtu aweke kijiko kimoja cha dawa kwenye bomba la lita 16. Kila mtu akipima kwa kijiko cha nyumbani kwake, mchanganyiko hautafanana. PowerPoint ina kijiko chake, LibreOffice Impress chake, Google Slides chake, na WPS Office ya kwenye simu nayo chake.

Vitu vinavyovurugika zaidi

1. Fonti. PowerPoint kwa miaka mingi tangu 2007 ilikuja na Calibri. Kompyuta isiyo na Calibri hutafuta fonti nyingine. Ikipata Carlito, una bahati, maana herufi zake zina upana uleule. Ikichukua fonti pana zaidi, maneno yanamwagika. Chukua mfano wa jedwali la ekari moja ya nyanya: mbegu, mbolea, dawa, vibarua, na chini kabisa jumla. Kila mstari ukirefuka kidogo, mstari wa jumla unashuka nje ya slaidi. Na huo ndio mstari ambao benki inautaka! Tumia Arial, kwa sababu LibreOffice huja na Liberation Sans yenye upana huohuo. Halafu acha nafasi ndani ya kisanduku, usibananishe maneno.

2. Umbo la slaidi. Slaidi za zamani ni 4:3, za sasa nyingi ni 16:9. Chagua umbo kabla hujaanza kupanga. Ukibadilisha mwishoni, picha zinaweza kuvutika au kukatwa.

3. Mbwembwe. Maneno yanayoruka na kuzunguka hayafanyi kazi sawa kila mahali. Yaondoe tu. Bei ya tenga la nyanya haihitaji kuruka ili ieleweke.

4. Video na sauti. Ibebe video kama faili ya pembeni kwenye flashi hiyohiyo, ili slaidi ikigoma uifungue yenyewe.

Utume faili gani?

Faili ya .pptx, iliyoanza na Office 2007, inafunguka kwenye karibu programu zote hizi. Kama unatumia LibreOffice, yenyewe hupenda kuhifadhi kwa .odp. PowerPoint inaweza kuifungua, ila mpangilio unaweza kupotea kidogo. Kwa hiyo bonyeza File, kisha Save As, uchague .pptx. Mwenye Keynote ya Apple naye asitume .key, aibadilishe kwanza kuwa PowerPoint.

Sasa lililo kubwa kuliko yote: tuma na PDF. Hiyo ni dawa iliyokwisha kuchanganywa, mpokeaji hapimi tena. Fonti kwa kawaida husafiri ndani yake, inafunguka hata kwenye simu, na jumla yako inabaki ulipoiweka. Ila video na mbwembwe hazichezi humo, na si rahisi kuirekebisha. Ndiyo maana nasema tuma zote mbili: PDF ya kuonyesha, .pptx ya kurekebisha.

Ukituma kwa WhatsApp, chagua kutuma kama dokumenti. Usipige picha ya skrini, namba ndogo hazitasomeka. Ukituma linki ya Google Slides, fungua ruhusa kwanza, la sivyo mwenzako atakutana na ujumbe wa kuomba ruhusa na anaweza asihangaike tena. Na usitegemee intaneti ya ukumbini. Pakua faili mapema.

Siku mbili kabla

Piga simu uulize watatumia programu gani. Fungua faili zote mbili kwenye kompyuta isiyo yako, hata ya stationery ya mtaani. Pitia slaidi moja moja, na kila penye jedwali hakikisha mstari wa jumla unaonekana.

Ukikwama, njoo ofisini na flashi yako, tutaipitia pamoja.