Plaki ya jua inavunjika mu njira, hapana ku kambi

Bwana yake alitoka Kolwezi siku ya kwanza ya juma, akaenda ku kariere yenye kuwa mbali na muji. Ku pikipiki kulikuwa kiloba ya bunga, beleshi, na plaki ya jua ya mupya. Aliambia bibi: «Sasa nitakupigia kila mangaribi.» Siku tatu zikapita, telefone haikuita. Siku ya ine, watu wa kartie wakaanza kusema kama shimo moja imeanguka. Mama hakulala.

Kumbe bwana alikuwa muzima. Ni plaki njo ilikufa. Aliifunga imelala chini ya kiloba, na barabara ilikuwa mashimo tu. Kioo haikupasuka, lakini kuranti yenye kutoka haikutosha hata telefone moja.

Ndugu wachimbaji, wengi wetu tunalipa feza mingi ju ya plaki, kisha tunaiua mbele ya kufika. Tusemezane namna ya kuichunga.

Mbele ya kulipa

Usilipe plaki mu kivuli ya duka. Omba muuzaji aitoe inje, ku jua kali, na apime na voltmetre. Plaki ya batri ya volti 12, bila kitu kufungwa kwake, inaonyesha volti 20 na kitu. Kama inaonyesha 12 tu, muachie yake.

Mu njira

Vipande vya mukati ya plaki ni vyembamba kupita ukucha. Vinaweza kupasuka na kioo ikabakia muzima, jicho haione kitu. Kwa hiyo plaki haibebwe imelala chini ya muzigo: inasimama ku ubavu, sawa kioo ya dirisha. Kama ziko mbili, kioo iangalie kioo, na blangeti katikati. Inje funga karto ao kipande ya matela, kisha kaza na mupira.

Plaki ya wati 50 iko na kilo 4 hivi. Ku pikipiki, ule anakaa nyuma njo aishike mwenyewe, hata manseba akisema kama nafasi iko ku porte-bagage.

Batri iende imesimama, mbali na vyombo vya chuma. Funika vichwa vyake na skochi. Beleshi ikigusa vichwa vyote viwili kwa mara moja, moto inatoka.

Ku kambi

Tafuta fasi yenye haina kivuli toka asubui mpaka mangaribi. Kivuli ya tawi moja ndogo inaweza kupunguza kuranti mingi, ju vipande vyote vimefungana sawa munyororo.

Asubui, nyoosha mukono wa kuume kwenye jua inatokea: uso wako unaangalia kaskazini. Plaki nayo iangalie kule, ju hapa Lualaba, wakati wa baridi, jua la muchana linapita upande ule. Isilale kabisa, na isisimame kabisa. Kama iko na urefu wa santimetre 70, nyanyua nyuma yake santimetre 18. Hivi mvua na vumbi vinateremuka. Iweke juu ya miti mbili, hewa ipite chini yake, ju plaki yenye kupata moto sana inatoa kuranti kidogo. Vumbi ya kariere ipanguse na maji na kitambaa laini asubui, mbele haijapata moto.

Kufunga waya kuko na mupango: regilatere na batri kwanza, plaki nyuma, taa mwisho. Kufungua, anza na plaki. Mwekundu ku mwekundu, mweusi ku mweusi.

Hesabu ya usiku

Batri ya volti 12 na ampere-saa 20 inachunga wati-saa 240. Kama ni batri ya plombe, tumia nusu tu: 120. Ukiimaliza kila usiku, haitakawia kukufa. Ampuli mbili za wati 5, saa ine, ni 40. Telefone tatu ni 45 hivi. Jumla 85: inatosha, na kidogo inabakia ya torshi ya kichwa. Lakini kama kambi nzima inakuletea telefone, kesho hakuna mutu atapiga. Wakati wa mvua, punguza zaidi.

Neno moja kwa wale wanasema jenereta ni nguvu kupita plaki. Ni kweli. Lakini moshi yake iko na gazi yenye haina harufu, na inaua. Jenereta isikaribie mudomo wa shimo, wala nyumba ya bashi yenye watu wanalala. Plaki haina moshi.

Kobalti ya Lualaba inaingia mu batri za telefone za dunia nzima. Ni haya kama telefone ya ule mwenye kuichimba inazimika ju ya plaki yenye ilifungwa mubaya.

Na ninyi wamama, bwana akitaka kuondoka, muangalie vile plaki imefungwa ku pikipiki. Kama imelala chini ya bunga, mumusimamishe. Yule mama wa Kolwezi, sasa anaifunga yeye mwenyewe.